Kupimwa kinyama cha uvimbe kwenye titi: toka siku ya sindano mpaka unasubiri kupasuliwa

Mi msusi, nasukia Mbagala. Mwaka jana nikiwa naoga na dodoki mkono ukapita juu ya kitu kwenye titi la kulia, kigumu kidogo, cha duara, ukikibonyeza kinakimbia kama gololi kwenye mfuko wa suruali. Hakiumi wala nini. Nikakaa nacho miezi miwili bila kumwambia mtu, na sikuwa na sababu yoyote zaidi ya uoga. Leo hii nina karatasi inayosema ni faibroadenoma, yani uvimbe ambao siyo saratani, na nipo kwenye foleni ya kuutoa maana unaendelea kukua. Hapo katikati nimechomwa sindano za aina mbili, nimesoma majibu kinyume mara moja, na kinyama changu kilitaka kupotea. Sindano yenyewe nakwambia ukweli ilikuwa kitu kidogo, dakika ishirini hazikufika. Kilichonitoa jasho ni chupa na karatasi, kwahiyo utakuta nimeongea sana huko kuliko kwenye maumivu.

Nimeandika kwa uvimbe wa titi sababu ndo ninaoujua, ila mwenye uvimbe shingoni au mgongoni atapata ya kwake humu. Na kaka zangu msiruke, wanaume nao wanaota uvimbe kwenye titi na wakati mwingine ni saratani kabisa.

Hatua ya 1: mkono, picha, halafu ndo sindano

Daktari anaujua uvimbe wa titi kwa vitu vitatu: mkono wake, picha, na kinyama. Mpangilio ni huohuo, na picha inatangulia sindano kwa sababu ukishachomwa damu inavilia ndani, picha itakayopigwa baada ya hapo inachanganya. Kama hujafika miaka 30 picha ya kwanza ni ultrasaundi, titi la msichana limejaa nyama nzito na mammogramu, yani eksirei ya titi, haioni vizuri humo. Ukiwa 40 kwenda juu mammogramu inaongezwa. Hapo katikati daktari ataamua.

Kwa wanaoanzia zahanati au kituo cha afya, ombeni rufaa ya maandishi, msiende tu kichwa kichwa. Mimi nilirukia hospitali kubwa moja kwa moja, nikarudishwa kuchukua rufaa, siku mbili za wateja zikaenda. Ukiwa na kadi ya NHIF pita dirisha la bima kwanza uulize kama sindano, thieta na patholojia, yani maabara inayosoma kinyama, vyote vinalipiwa na vinahitaji kibali gani, maana hivyo ni vitu tofauti vyenye bili tofauti. Anayelipa taslimu aulize hivyohivyo: ultrasaundi bei gani, sindano bei gani, na kusomwa kwa kinyama bei gani. Watu wengi wanalipia kuchomwa wanadhani wamemaliza, kinyama kinakaa kwenye benchi kwa sababu control namba ya maabara haijalipwa na hakuna aliyewaambia.

Na ukiandikiwa Ocean Road, ile hospitali ya saratani, usizimie. Watu wa Dar tukisikia hilo jina tunaanza kuuliza sanda bei gani, wakati pale wanachunguza hata wazima. Dada mmoja mteja wangu alikataa kwenda kisa jina tu, akakaa nyumbani mwaka mzima na uvimbe wake.

Kwenye karatasi ya ultrasaundi tafuta mahali palipoandikwa BI-RADS na namba, hiyo ni ngazi ya wasiwasi wa walichokiona. 0 maana yake picha haijatosha, inatakiwa nyingine. 1 hakuna kitu, 2 kuna kitu lakini hakina shida. 3 kinaonekana hakina shida, uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, mara nyingi unaambiwa urudi baada ya miezi 6 upigwe tena. 4 kuna wasiwasi, hapo kinyama lazima, ila 4 ina ngazi zake, 4A ni wasiwasi mdogo, kati ya asilimia 2 na 10, inapanda mpaka 4C. 5 ni wasiwasi mkubwa, zaidi ya asilimia 95. 6 ni kwa ambaye saratani yake imeshajulikana. Mi ya kwangu ilikuwa 3, sentimita 2.8, nikapewa miezi 6, mwezi wa nne wa kusubiri nikauhisi umekua nikarudi mwenyewe, kufika ukapimwa 3.9 na namba ikapanda 4A. Usisubiri tarehe ya kliniki kama mkono wako unakwambia umekua.

Hatua ya 2: jua unachomwa sindano gani

Hapa ndo watu wanachanganya, na mi nilichanganya. Kuna sindano nyembamba, kama ya kutolea damu, wanavuta vichembe na majimaji wanapaka kwenye vioo. Ni ya haraka, mara nyingi hata ganzi hawaweki, bei yake nafuu. Shida yake inatoa vichembe vilivyotawanyika, haitoi nyama yenyewe ilivyojengeka, ni kama mtu akuletee punje za mchele umwambie hii ilikuwa pilau au wali wa nazi.

Sindano nene ndo inayotoa kinyama chenyewe, kijiti chembamba kama tambi. Hii inawekwa ganzi. Kwa uvimbe mgumu wa titi sindano nene inaeleza zaidi, na kwa uvimbe unaokua haraka ni muhimu kweli sababu kuna ndugu wa faibroadenoma anaitwa filodesi, wanafanana sana kwenye picha lakini filodesi unakatwa tofauti, unatolewa na nyama ya pembeni, na baadhi yake ni saratani. Tatu ni kukata uvimbe mzima au sehemu yake thietani na kuupeleka maabara, hii inafanyika sindano ikishindwa kutoa jibu au mahali ambapo sindano nene hamna.

Ukiwa umekaa mbele ya dokta muulize tu, dokta, ni sindano nyembamba au nene, na kwa nini hiyo. Kama ni nyembamba kisa nene imeisha stoo, ni bora ujue.

Hatua ya 3: siku moja kabla

Mwambie daktari dawa zote unazokunywa, hasa za kuyeyusha damu kama warfarini, aspirini, klopidogreli, na hata diklofenaki zile tunazonunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo. Usiache warfarini mwenyewe kwa akili yako, yeye ndo atakwambia uache lini au usiache. Mwambie kama una sukari, kama ganzi ya meno iliwahi kukuletea shida, kama una mimba au unanyonyesha, na kama ukijikata damu yako huwa inachelewa kukata. Kunyonyesha hakuzuii kipimo, mnyonyeshe mtoto kabla hujaingia titi liwe jepesi.

Kwa sindano hutakiwi kufunga, kula chai yako. Mi nilienda na njaa nikidhani ni kama opereshini, nikaona nyota kwenye kitanda, nesi akaniletea maji ya sukari huku ananicheka.

Nguo: blauzi ya vifungo mbele na sketi, siyo gauni, la sivyo utakaa uchi wote kwa ajili ya titi moja. Beba kanga. Beba sidiria inayobana vizuri ya kuvaa ukitoka. Usipake pauda wala manukato kwapani. Nenda na mtu, hata kama ni mdogo wako tu, maana kuna kazi ya kukimbia na karatasi madirishani wakati wewe umelala.

Na nunua makapeni, ile kalamu nyeusi isiyofutika. Utajua kwanini.

Sasa maneno ya nyumbani. Mama mdogo alinipigia toka Korogwe usiku wa kuamkia, akaniambia mwanangu, uvimbe haugusiwi chuma, ukiuchokonoa unaamka. Nadhani kila familia ina mama mdogo huyu. Nikamuuliza dokta bila aibu, akanijibu sindano haigeuzi uvimbe wa kawaida kuwa saratani. Wale tuliowaona wamechomwa wakafa, wengi walifika hospitali saratani imeshafika mbali, sindano ikasingiziwa. Mama mdogo nilimweleza hivyo kwa adabu, akasema haya, mungu akutangulie, kisha akanitumia picha ya mizizi WhatsApp.

Hatua ya 4: kitandani

Utasaini fomu ya ridhaa. Soma jina la upande, kulia au kushoto, kabla hujasaini. Kama anayekuchoma ni mwanaume na hujisikii vizuri omba nesi wa kike asimame humo ndani, ni haki yako, hawachukii.

Unalala chali, mkono wa upande ule unaupandisha juu ya kichwa. Wanapaka dawa ya baridi, mwenye ultrasaundi anautafuta uvimbe. Ganzi ndo inayouma, inawasha kama umechomwa na nyigu, unahesabu mpaka kumi inaisha. Dakika chache baadae wanakutoboa katundu kadogo ambako hukahisi, wanaingiza sindano nene. Ile sindano ina springi, inapiga mlio paa! kama stepla kubwa, na mwili unashtuka hata kama hujaumia. Mwambie akupigie mlio mmoja hewani kwanza uusikie, mi wa pili sikushtuka. Wanachukua vipande kadhaa, mimi vilikuwa vinne, kila kipande na paa yake. Ukihisi maumivu makali sema, ganzi inaongezwa, usijikaze kama unatolewa mwiba na bibi.

Wakimaliza nesi anabonyeza pale dakika tano mpaka kumi. Hiki kitu kisifanywe kwa haraka haraka, ndo kinazuia damu kuvilia. Akikuachia mapema ongeza wewe kwa kiganja.

Hatua ya 5: chupa

Nisikilize hapa.

Hospitali nyingi kwetu kinyama kinatoka chumba cha sindano kinakwenda maabara ya patholojia mkononi mwa mgonjwa au ndugu yake. Unakabidhiwa kachupa kana maji yananuka kali, hiyo ni fomalini, na ndani vinaelea vijiti vyako vyeupe. Kuanzia dakika hiyo wewe ndo mlinzi.

Angalia kwanza ndani ni fomalini kweli, ile harufu inapanda mpaka machoni, usiinuse kwa karibu. Kinyama kikikaa kwenye maji ya kawaida, au kikikauka, kinaanza kuoza na msomaji hataona kitu. Kizamishwe chote, na maji yawe mengi, kama mara kumi ya nyama. Kifuniko kikazwe. Halafu jina: liandikwe kwenye mwili wa chupa, usikubali liandikwe kwenye kifuniko, maana maabara wakifungua chupa sita mezani vifuniko vinabadilishana. Jina lako lote kama lilivyo kwenye faili, namba ya faili, umri, titi gani, tarehe. Hapo ndo kazi ya ile kalamu. Plasta iliyoandikwa na kalamu ya kawaida ikiloa inakuwa ukungu.

Fomu inayoambatana na chupa iwe na majina hayohayo, na iwe imeandikwa uvimbe ulivyo, ukubwa, BI-RADS ngapi, na kama una mimba au unanyonyesha. Msomaji wa maabara hajawahi kukuona, anachojua ni hiyo fomu.

Peleka siku hiyohiyo. Usipitie Kariakoo. Ukifika hakikisha unaandikwa kwenye daftari au kompyuta mbele yako na unapewa namba ya maabara, ambayo siyo namba ya faili lako, ni namba ya kinyama. Ipige picha. Uliza siku ya majibu na uliza yanachukuliwa dirisha gani.

Mi sikufanya hivyo. Kwenye faili nimeandikishwa jina la baba, dada aliyejaza fomu akaandika jina la ukoo wa mume kama nilivyomtamkia, kinyama kikaingia na jina lile. Kila Jumanne naenda, naambiwa hayajatoka dada, rudi wiki ijayo. Wiki ya nne mdogo wangu akaomba daftari lenyewe, akatafuta kwa tarehe badala ya jina, akanikuta, majibu yalishatoka siku kumi na mbili zilizopita. Nilikaa chini pale koridoni. Sikulia kwa furaha wala kwa hasira, nilichoka tu.

Hatua ya 6: nyumbani siku tatu za mwanzo

Barafu kwenye kitambaa, dakika kumi na tano unatoa, unarudia, usiiweke kavu kavu kwenye ngozi. Panadol kwa maumivu, achana na aspirini. Bandeji isiloe siku nzima ya kwanza, oga kuanzia kiunoni kwenda chini na upande mwingine jifute. Lala na sidiria. Usibebe ndoo, usitwange, usipande bodaboda ya barabara mbovu, usibebe mtoto kwa mkono ule, siku mbili angalau. Mi kwa kazi yangu ya kunyanyua mikono nilipumzika siku nne na nilimkosa bibi harusi mmoja, ila alivyorudi kufumua tulielewana.

Rangi ya zambarau kisha kijani kisha njano kama embe bovu ni kawaida, inaisha wiki mbili. Kagumu kadogo pale penye tundu pia kawaida. Ambacho siyo kawaida: damu inayoendelea kuloanisha bandeji hata ukibonyeza, titi linavimba haraka na kuwa gumu, homa, usaha, ngozi ya moto na nyekundu. Na kushindwa kupumua vizuri au kifua kuchoma ghafla, hii ni nadra sana lakini unakwenda usiku uleule, husubiri asubuhi.

Hatua ya 7: kusubiri majibu

Mara nyingi ni wiki moja mpaka tatu. Ukijua kinachoendelea kule ndani inasaidia: kinyama kinakaa fomalini kwanza mpaka kikaze, kinatolewa maji, kinagandishwa ndani ya nta kama mshumaa, kinakatwa vipande vyembamba mno kuliko karatasi, kinapakwa rangi za waridi na zambarau, ndo mpatholojia anakaa kwenye hadubini. Akiona kitu hakieleweki anaomba rangi nyingine maalum, siku zinaongezeka. Na madaktari wa kazi hiyo kwetu ni wachache, chupa zinatoka mikoani. Kwahiyo kuchelewa hakusemi lolote kuhusu uvimbe wako. Hii niandike mara ngapi sijui, mi nilikuwa kila siku ikipita najihesabia kama ushahidi.

Chagua watu wawili tu wa kuwaambia. Mmoja wa kwenda nae hospitali, mwingine wa kupiga nae stori za mambo mengine. Ukiwaambia saluni nzima kila mteja atakuwa na shangazi aliyekufa na titi, na wote watataka kukusimulia huku umeshika nywele zao.

Wauza dawa za kuyeyusha uvimbe watakupata tu, sijui wananusa wapi. Kopo moja linauzwa hela ambayo inalipia patholojia na chenji inabaki. Hakuna majani wala unga unaojulikana kuyeyusha faibroadenoma, na zile za kupaka zinazochubua ni mbaya zaidi, zinaacha kidonda, na ukirudi hospitali ngozi imeungua daktari hawezi kujua kipi ni ugonjwa kipi ni dawa. Kusali sali, mi nilisali sana.

Hatua ya 8: majibu ni karatasi, siyo maneno ya dirishani

Kile kipimo changu cha kwanza, cha sindano nyembamba, mtu wa dirishani aliniangalizia akaniambia dada, saratani haijaonekana. Nikatoka pale nimepanda bajaji badala ya daladala, nikanunua chipsi kuku, nikapiga simu Korogwe tukashukuru wote. Wiki mbili mbele dokta anafungua karatasi ileile ananiuliza, sasa hii mbona inasema vichembe havikutosha? Saratani haikuonekana kwa sababu hakikuonekana chochote. Hakunidanganya yule kaka, ila haikuwa kazi yake kunisomea.

Chukua nakala yako, piga picha pande zote, halafu peleka kwa daktari aliyekuandikia. Karatasi imejaa Kiingereza cha kitabibu, ila unaweza kuangalia vitu vichache. Jina na umri ni wako? Upande ni wako? Halafu hospitali nyingine zinaandika herufi na namba, na hapa watu wanazimia bure. C siyo ya kansa, ni ya kipimo cha vichembe. C1 havikutosha, C2 siyo saratani, C3 kuna kitu kidogo hakieleweki, C4 wanashuku, C5 ni saratani. Kwa sindano nene ni B, na B siyo ya benaini: B1 nyama ya kawaida tu, B2 uvimbe usio saratani, B3 haina uhakika, mara nyingi unaambiwa utolewe, B4 wanashuku, B5 saratani. Ukiona B5 usije ukashangilia sababu ya B, na ukiona C2 usianze kulia.

B1 ina mtego wake. Kama una uvimbe unaushika kwa mkono na picha imeuona, halafu majibu yanasema nyama ya kawaida, kuna uwezekano sindano ilipita pembeni ikachota nyama jirani. Ndo maana kuna swali moja la kumuuliza dokta hata kama majibu ni mazuri: haya majibu yanaendana na ultrasaundi na ulichokishika? Akisema hayaendani, unarudia. Mimi baada ya vile vichembe kutotosha nilirudia kwa nene, ikatoka B2, faibroadenoma, na pale chini mpatholojia akaandika kwamba kwa kuwa unakua haraka utolewe wote ili filodesi iondolewe shaka, sababu vijiti vinne havioni uvimbe mzima.

Hatua ya 9: siyo saratani, sasa?

Sio kila faibroadenoma unatolewa. Mdogo, hauumi, haukui, picha na kinyama vimekubaliana, wengi wanaambiwa waangalie tu, ultrasaundi baada ya miezi 6, kisha mwaka, kisha miaka miwili. Mingine inakaa vilevile, mingine inasinyaa yenyewe, hasa hedhi ikishakoma. Inapenda homoni, ndo maana inaonekana sana kwa wasichana na wanawake chini ya miaka 35 na inaweza kuvimba kwenye ujauzito. Unatolewa ukiwa unakua, ukiwa mkubwa, ukibadilisha umbo la titi, ukiuma, majibu yakiwa na shaka, au ukiwa wewe mwenyewe huwezi kulala. Hiyo ya mwisho nayo ni sababu halali, isemeni.

Kama umepangiwa opereshini, foleni ya uvimbe usio saratani ni ndefu, tunapishwa na wenye saratani na wa dharura, na ni haki. Mi tarehe imesogezwa mara mbili. Ukisogezwa omba tarehe mpya iandikwe palepale kwenye kadi, usikubali ile ya tutakupigia.

Wakati unasubiri jishike mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha, siyo kila asubuhi, ukishika kila siku utaona umekua kila siku. Rudi kabla ya tarehe ukiona umekua kwa kasi, ngozi imevutwa ndani au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imezama, inatoa damu, au kuna kingine kwapani. Ukipata mimba waambie. Uzazi wa mpango waambie unatumia upi, usiuache mwenyewe.

Muulize daktari wa upasuaji kovu litakuwa wapi. Akikata kuzunguka chuchu kovu linajificha vizuri lakini njia za maziwa zinaweza kuguswa, kama bado unataka watoto mwambie mapema. Wengi wananyonyesha vizuri tu baadae. Uvimbe mdogo unatolewa kwa ganzi ya pale pale na unarudi nyumbani siku hiyohiyo, mkubwa kama wangu wanalaza usingizi, kwahiyo kuna vipimo vya damu kabla, wingi wa damu, kundi, sukari, na mimba. Hapa ndo unafunga: chakula masaa sita, maji matupu masaa mawili, au vile watakavyokwambia wao. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula.

Kucha za bandia na rangi vitolewe, kuna kifaa wanabana kidoleni kusoma hewa kwenye damu, rangi inakizuia. Nywele sasa nawaambia kama fundi: toa wigi, toa weving yenye pini, suka kitu cha kulala chini ili kofia ya thieta ikae. Mi nimejisukisha twende kilioni, wenzangu wa saluni wamenicheka mpaka basi, eti katika mitindo yote.

Na uvimbe ukishatolewa hautupwi wala haupelekwi nyumbani kuoneshwa wakwe, unarudi kwenye fomalini, mzima safari hii, unahitaji kopo kubwa, na unakwenda patholojia kusomwa upya. Muulize nesi wa thieta kabla hujalazwa usingizi nani atalibeba. Mimi atabeba mdogo wangu, jina la baba, namba ya faili, kulia, nimeshamwandikia kwenye kikaratasi na makapeni yake nimemkabidhi.